Usukani wa Hilux Surf kulegea: niliambiwa ninunue reki nzima, kumbe ni bushi. Nilivyozibadilisha nyumbani

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika kwa ajili ya wenye Toyota Hilux Surf za 185 na Prado za 90, yaani zile zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi 2002, kwa kuwa magari haya yanafanana sana sehemu ya mbele na tatizo nitakalolieleza huyapata yote mawili. La kwangu ni Surf ya mwaka 1998 yenye injini ya 1KZ-TE, nipo nalo hapa Iringa, na kwa miaka mingi limekuwa likipita barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, ambayo wakati huo ilikuwa ya changarawe yenye mawimbi kama bati la nyumba.

Dalili zilianza taratibu kiasi kwamba nilizizoea kabla sijazitambua. Kwenye lami, nikifika kilomita 80 kwa saa, nilikuwa nikigeuza usukani kidogo na gari halijibu, kisha linajibu ghafla kuliko nilivyokusudia, nami nalazimika kulirudisha upande wa pili. Kwenye mashimo nilisikia kishindo kimoja kizito, "du", kisichotoka kwenye shokamzoba bali kilichofika hadi kwenye viganja vya mikono. Nilifanya alaimenti mara mbili ndani ya miezi mitatu, na mara zote mbili vipimo vilikuwa sawa siku ile ile, lakini baada ya wiki moja usukani ulikuwa umekaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilinihukumu papo hapo kwamba reki, yaani mtambo unaoyasukuma magurudumu kulia na kushoto usukani unapogeuzwa, imekufa na kwamba nitafute reki ya mtumba.

Sikuikataa hukumu hiyo kwa ujuzi, niliikataa kwa sababu sikuwa na fedha. Ndipo nikaanza kuchunguza mwenyewe.

Reki ya usukani katika magari haya imefungwa mbele ya difu, kwenye krosimemba, yaani chuma kilichokingama kwenye chesisi, na haikufungwa chuma kwa chuma. Kati yake na chesisi kuna bushi za mpira. Kwa gari lenye usukani kulia, upande wa kulia, ambako shafti ya usukani inaingia kwenye reki, kuna bushi za duara ambazo bolti hupita katikati yake. Upande wa kushoto kuna mpira mmoja mkubwa wenye umbo la herufi D, unaobanwa na klampu. Mipira hii ikichoka, usukani unapogeuzwa haupeleki nguvu yote kwenye magurudumu. Unaanza kwanza kuisukuma reki yenyewe pembeni, hadi mpira ugote, ndipo magurudumu yageuke. Ule muda wa kusubiri ndio niliokuwa nikiuhisi barabarani.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji jeki, na ninasisitiza kwamba hakihitaji jeki, kwa sababu wengi hulinyanyua gari kwanza na hivyo kuuondoa uzito ambao ndio unaoufichua ubovu. Gari liwe chini kwa magurudumu yake yote manne, sehemu tambarare, handibreki imevutwa, gia iko huru, na kabari ziwekwe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Niliondoa bamba la kinga chini ya injini, nikachora mstari mmoja wa chaki ulioanzia kwenye mwili wa reki na kuendelea hadi kwenye krosimemba, kisha nikamwomba mke wangu awashe injini na ageuze usukani kulia na kushoto, robo mzunguko kila upande, bila haraka. Mimi nilikuwa nimelala mbele ya gari na tochi, kichwa kikiwa nje ya njia ya magurudumu. Mstari ule ulikatika katikati kama fimbo iliyovunjwa: nusu ya juu ilikuwa ikienda na kurudi karibu upana wa kidole cha mwisho, ilhali nusu ya chini imetulia. Reki nzima ilikuwa inatembea. Reki iliyofungwa vizuri hutikisika kidogo tu, kiasi ambacho usipokuwa na mstari hukioni.

Kabla ya kununua chochote, niliendelea kukagua mengine, kwa kuwa bushi si peke yake inayoweza kuleta ulegevu huo. Niliishika kila tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho cha fimbo inayotoka kwenye reki kwenda kwenye gurudumu, kwa kiganja wakati usukani unatikiswa, maana ikiwa imechoka utaisikia ikigonga ndani ya mkono hata kama jicho halioni kitu. Nikaangalia pia kiungo cha msalaba kwenye shafti ya usukani, pale inapotoka ndani na kushuka kwenye reki. Vyote vilikuwa vizima. Bushi niliziagiza Kariakoo, zikafika kwa basi siku ya pili.

Mchangiaji kutoka Arusha

Mleta uzi, umeeleza vyema, ila kuna jambo umelipita na sipendi lipitwe. Nimetengeneza magari ya kubeba wageni kwa zaidi ya miaka 20. Kwenye Surf 185 na Prado 90, kabla hujashughulika na bushi za reki, kagua boljointi za chini, yaani viungo vinavyoshikilia gurudumu kwenye mkono wa chini. Katika magari haya uzito haukandamizi boljointi ya chini ibanane, bali huivuta ili iachane, kwa hiyo ikiisha haikupi nafasi ya kufika gereji. Inachomoka, gurudumu linalala chini ya bodi, na gari linapiga pua. Nimeyaona magari yaliyolala hivyo, na baadhi ya wenye nayo walikuwa wametoka kufanya alaimenti.

Swali langu la pili: mpira ulioutoa ulikuwa mkavu na wenye nyufa, au ulikuwa umevimba na kulainika? Ukiwa umevimba, basi kuna mafuta yanayovujia juu yake, ya injini au ya pawa stelingi, na mpira mpya nao utakufa usipozuia uvujaji.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kunikumbusha. Boljointi za chini nilizibadilisha mwaka uliotangulia kwa kuweka mpya na halisi, ndiyo maana sikuzitaja, lakini ni kweli nilipaswa kuzitaja. Ambaye hajui historia ya za kwake na azitazame kwanza, hizi bushi zinaweza kusubiri.

Kuhusu mpira, ule wa umbo la D ulikuwa na nyufa na umekauka kama soli ya kiatu cha zamani. Bushi mbili za duara ndizo zilizokuwa zimelainika, na nilipofuatilia nikakuta mafuta ya pawa yakitoka taratibu kwenye bomba la kurudishia, pale ambapo klipu ilikuwa imelegea. Nilibadilisha klipu hiyo siku hiyo hiyo.

Sasa niendelee na kazi yenyewe, ambayo ilinichukua Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili, ingawa mtu aliyekwisha kuifanya mara moja anaweza kuimaliza kwa saa nne.

Usiku wa kuamkia siku ya kazi nilipulizia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu, hasa zile za klampu, kwa sababu tope la miaka yote hukaa hapo. Asubuhi niliyanyoosha magurudumu, nikaufunga usukani kwa mkanda wa kiti ili usizunguke, nikatoa ufunguo. Jambo hili msilidharau. Ndani ya usukani wa magari yenye eabegi kuna waya uliokunjwa kwa mzunguko, na ikiwa shafti itachomolewa kutoka kwenye reki halafu mtu akauzungusha usukani ovyo, waya huo hukatika na taa ya eabegi huwaka moja kwa moja. Mimi sikuichomoa shafti, lakini mwanangu wa miaka 6 aliingia garini wakati niko chini akitaka kuendesha, na mkanda ndio uliomzuia asiigeuze reki mkono wangu ukiwa ndani. Baada ya hapo nilifunga milango yote.

Gari nililipandisha kwa jeki na kuliweka juu ya stendi mbili chini ya chesisi. Najua mazoea yetu ya kutumia matofali au rimu za akiba. Tofali la saruji halipindi kabla ya kuvunjika, na gari hili lina uzito wa karibu tani mbili. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Ili reki ipate nafasi ya kusogea, nilizitoa tairodi endi kwenye vyuma vinavyobeba magurudumu. Toa spliti pini, legeza nati lakini uiache ishike thredi chache, kisha piga ule mkono wa chuma pembeni kwa nyundo mbili kwa wakati mmoja, moja kila upande. Inaachia yenyewe kwa mlio mfupi. Usipige thredi za tairodi endi, na usitumie ile patasi yenye pembe mbili kama unakusudia kuzirudisha zile zile, kwa kuwa inachana mpira wa vumbi. Sikuzifungua tairodi endi kutoka kwenye fimbo zake, hivyo urefu haukubadilika.

Chini ya reki niliweka kipande cha mbao juu ya jeki ndogo. Mabomba ya pawa hayakufunguliwa hata moja, na ndiyo sababu hasa ya kuishikilia reki kwa jeki: ikiachwa ining'inie, uzito wake wote huangukia mabomba hayo.

Upande wa kushoto ulikuwa mwepesi. Klampu ilitoka, mpira wa D ukavulika kwa mkono kwa kuwa una mkato wa kuuvalisha, nikasugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, nikapaka mpira mpya maji ya sabuni na kuuvalisha. Msipake mpira wa kawaida grisi ya beringi, itauvimbisha kama yale mafuta ya pawa yalivyofanya.

Upande wa kulia ndiko Jumamosi ilikoishia. Bushi za duara zimeshindiliwa ndani ya mwili wa reki, na kuzipiga kwa nyundo nikiwa nimelala chali hakukuzisogeza hata unywele. Nikaamua kutengeneza kivutio. Nilichukua bolti ndefu yenye thredi mwili mzima, washa nene mbili, nati mbili, na kipande cha bomba la maji ambacho upana wake wa ndani unazidi kidogo bushi. Bomba linaegemea mwili wa reki upande mmoja na kuiacha bushi iingie ndani yake. Upande wa pili kuna boksi ya spana yenye upana mdogo kidogo kuliko ganda la bushi, ndiyo inayoisukuma. Unakaza nati, na kila robo mzunguko inaivuta bushi kuelekea ndani ya bomba. Ya kwanza ilikaa kimya, nati ikazidi kuwa nzito, nikadhani bolti itakatika. Kisha ukasikika mlio kama wa mlango wa zamani, unga mwekundu wa kutu ukaniangukia usoni, na bushi ikaanza kutembea. Vaa miwani.

Nilipoiweka kiganjani niliona kila kitu kwa mara moja. Bomba dogo la chuma ambalo bolti hupita lilipaswa kuwa katikati kabisa. Lilikuwa limehama na kuegemea ukingo, na upande mmoja mpira ulikuwa umeachana na chuma kabisa, kiasi kwamba nilipitisha ukucha.

Kivutio hicho hicho, kikigeuzwa, kilizirudisha bushi mpya. Bolti zote nilizianza kwa mkono kabla ya kukaza yoyote, maana ukikaza upande mmoja kwanza, wa pili hautaingia. Kukaza kwa mwisho nilitumia spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Tairodi endi zilipata spliti pini mpya, na pale ambapo tundu halikukutana na nafasi ya nati nilikaza mbele kidogo hadi likutane. Nati hiyo hairudishwi nyuma ili kutafuta tundu.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Mkuu, kazi nzuri, ila nadhani umejitesa bure. Sisi huku hukata kipande cha tyubu ya pikipiki, tunakizungushia ule mpira wa D, tunarudisha klampu na kukaza. Usukani unakuwa mgumu kama wa gari jipya, na gharama ni soda. Nimefanya kwenye Prado yangu na natembea nayo.

Mleta uzi

Ndugu yangu, sikatai kwamba usukani unakaza, na nikikwama porini nitafanya hivyo hivyo ili nifike nyumbani. Lakini tazama unachobana. Tyubu ni mpira mwembamba uliotengenezwa kutanuka, hivyo ukibanwa kwenye klampu huchuruzika pembeni, na baada ya wiki chache za barabara mbovu klampu inabaki imelegea na bolti zake zinaanza kujifungua. Pia tyubu inasaidia upande wa kushoto tu. Bushi za kulia, ambako ndiko nguvu ya usukani inakoingilia, zinabaki zimekufa, na sasa ndizo zinazobeba kila kitu peke yake.

Naomba uchore mstari wa chaki kama nilivyoeleza, kisha utupe majibu ya pande zote mbili.

Mchangiaji kutoka Arusha

Hiyo ya tyubu nimeikuta kwenye magari mengi, na mara nyingi nakuta masikio ya klampu yamekwisha kupinda kwa sababu mtu amekaza kupita kiasi akijaza pengo.

Niongeze kuhusu bushi za poliyurethani, yaani plastiki ngumu inayotumika badala ya mpira, kwa kuwa najua mtu ataziuliza. Ni ngumu, haziogopi mafuta, na kwa gari linaloshinda kwenye vumbi hudumu. Hata hivyo zinafikisha mtetemo wote mkononi, na zikifungwa kavu hulia kila unapogeuza. Zifungwe kwa grisi ya silikoni au ile inayokuja nazo kwenye pakiti, ndani na nje. Tena, nyingi kati ya hizo za duara haziji na ganda la chuma, hivyo hutakiwa kulitoa ganda la zamani lililobaki ndani ya reki. Pitisha ubao wa msumeno wa chuma ndani ya tundu, ukate ganda taratibu karibu limalizike, kisha likunje kwa patasi nyembamba. Ukikata kwa pupa utaingia kwenye mwili wa reki, na hapo ndipo utakapoinunua kweli hiyo reki ya mtumba.

Kwa gari la familia la lami, mimi humshauri mtu arudishe mpira wa kawaida.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Hamjambo nyote. Kaka mleta uzi, nina maswali mawili. Nilifundishwa kwamba bushi hukazwa gari likiwa chini kwa uzito wake, wewe umekaza likiwa juu ya stendi, je, hujazipotosha? La pili, mimi nina Toyota IST, nayo inagonga usukani kwenye matuta. Naweza kuifanya kazi hii uani kwangu?

Mleta uzi

Sijambo, dada. Kanuni uliyofundishwa ni ya kweli kabisa, lakini inahusu bushi za mikono ya chini, ambazo huzunguka kila gurudumu linapopanda na kushuka. Ukizikaza mkono ukiwa umening'inia, mpira hukaa umejisokota siku zote. Reki haizunguki kwenye bushi zake. Inasukumwa tu kulia na kushoto, kwa hiyo kuikaza gari likiwa juu hakuharibu kitu.

Kuhusu IST, kwa kweli nisingekutia moyo. Katika magari madogo ambayo injini imelazwa kwa upana, reki hukaa nyuma ya injini juu ya krosimemba, na mara nyingi kuifikia vizuri hulazimu krosimemba ishushwe huku injini ikishikiliwa kwa juu. Bila lifti na msaidizi mzoefu si kazi ya uani. Afueni yako ni kwamba IST ina usukani wa umeme ambao mota yake iko juu kwenye shafti, hivyo hakuna mabomba ya mafuta ya kuhangaika nayo. Anza na vitu vya bei ndogo: linki za stabilaiza (vifimbo vinavyoshikilia chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona) na bushi zake, kisha shafti ya usukani. Kishindo cha kwenye matuta, hasa kikitokea hata usukani ukiwa umenyooka, mara nyingi huwa ni hizo linki.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Nimechora chaki, mkuu. Kushoto reki imetulia. Kulia inatembea, na mke wangu ameiona kabla yangu. Nimeagiza seti nzima.

Mleta uzi

Safi sana. Zikifika, niandikie upana wa bushi zako za duara nikutafutie kipande cha bomba, kile changu bado ninacho na naweza kukituma kwa basi.

Kwa wengine mlioniuliza pembeni kuhusu matokeo: baada ya kufunga kila kitu niliugeuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yakiwa hewani, nikitazama kama bomba lolote linavutika au mpira wa vumbi wa reki umejisokota. Kisha nikalishusha gari, nikawasha injini na kurudia mstari wa chaki. Safari hii haukukatika. Usukani ulikaa upande kidogo, kwa kuwa reki ilikuwa imerudi mahali pake ilhali alaimenti za awali zilipimwa ikiwa imehama, hivyo siku ya Jumatatu nilipeleka gari kwenye alaimenti, ikawa ya mwisho. Baada ya kilomita 500 niliingia tena chini na spana ya torki. Bolti moja ya klampu ilikubali kukaza kidogo, nyingine zote zilikuwa zimekaa.

Ule "du" wa kwenye mashimo umekwisha. Sasa nasikia mlio mwingine mdogo nyuma kushoto, ambao nadhani ulikuwepo siku zote chini ya ule mkubwa. Nitaufungulia uzi wake.